Kadi mbili za grafiki kwa gemu za 4K: nilichokiona baada ya wiki tatu

Assalaam alaykum, ndugu watazamaji, na karibuni tena. Leo nazungumza nanyi kutoka Chake Chake, na juu ya meza hii mnayoiona pana kompyuta iliyofunguliwa ubavu, ndani yake zimo kadi mbili za grafiki, yaani vifaa vya kuchora picha za skrini, za aina moja, GeForce GTX 1080 Ti za kampuni ya Nvidia, zilizounganishwa kwa daraja dogo linalokaa juu yake. Nimezitumia kwa wiki tatu. Aliyenisukuma kuzifunga ni kijana mmoja wa Wete, aliyeniandikia kwamba anayo kadi moja kama hizi, ameshapata skrini ya 4K, na sasa ameonyeshwa kadi ya pili iliyotumika katika duka moja la Darajani, kwa bei inayomshawishi. Anauliza kama akiiongeza hiyo ya pili gemu zake zitakwenda laini. Mdogo wangu, nimeona si haki nikujibu kwa maneno ya kusikia, kwa sababu fedha unayotaka kuitoa ni ya jasho lako.

Tuanze na mzigo wenyewe. Skrini ya 4K ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, yaani nukta zaidi ya milioni 8 katika kila picha moja, ilhali skrini ya kawaida ya 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo. Mzigo ni mara nne. Ukitaka fremu, yaani picha kamili, 60 kwa sekunde, kadi inapewa milisekunde 16.7 tu kuichora picha nzima na kuikabidhi, kisha inaanza nyingine. GTX 1080 Ti ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na nguvu kubwa kuliko kadi nyingi za wakati wake, lakini gemu za leo zikiwekwa 4K na mipangilio ya juu zinailemea. Kwa hiyo wazo la kuongeza ya pili halikuzuka hivi hivi, nalo lina umri mrefu: kampuni ya 3dfx iliwawezesha watu kuunganisha kadi mbili za Voodoo2 mwaka 1998, moja ikichora mistari ya shufwa na nyingine mistari ya witiri. Nvidia, baada ya kununua mali za 3dfx, ikalirudisha mwaka 2004 jina la SLI, ndilo la kuunganisha kadi namna hiyo, na mshindani wake ATI akafuata na CrossFire, mfumo wake wa kazi hiyo hiyo, mwaka 2005.

Hapa ndipo penye moyo wa jambo, naomba mnivumilie nikae kidogo. Katika gemu nyingi kadi hizi hazigawani picha moja. Zinapokezana: kadi ya kwanza inachora fremu ya kwanza, ya pili inachora fremu ya pili, kisha zamu inarudi kwa ya kwanza. Nyote mmewahi kuwaona wanawake wawili wakitwanga mpunga katika kinu kimoja kwa michi miwili. Mmoja akishusha, mwenzake amepandisha, na mlio unatoka sawasawa, hauna pengo. Lakini mmoja akichelewa hata kidogo, mchi wa pili unashuka karibu mno na wa kwanza, kisha linafuata pengo refu, na mlio wote unaharibika ingawa idadi ya mapigo kwa dakika ni ile ile. Kadi mbili zina maradhi hayo hayo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Fremu moja imefika baada ya milisekunde 9, inayofuata baada ya milisekunde 24, kisha 9, kisha 24. Jumla ya fremu mbili ni milisekunde 33, kwa hiyo kihesabu kilichopo pembeni mwa skrini kinakuandikia fremu 60 kwa sekunde, nawe unafurahi. Jicho halifurahi, kwa sababu linachokihisi ni lile pengo la 24, nalo ni mwendo wa kama fremu 42. Mwaka 2013 wapimaji walipoanza kurekodi kila fremu inayofika kwenye skrini badala ya kuamini kihesabu, ilionekana kwamba katika CrossFire fremu nyingine zilikuwa vipande vyembamba vya mistari michache tu, vinavyohesabiwa lakini havionekani, na AMD, iliyokuwa imeshainunua ATI, ikalazimika kutoa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ya kusawazisha mwendo huo mwezi Agosti mwaka huo huo. Nvidia nayo ilikuwa na njia yake ya kusawazisha. Maradhi yakapungua, hayakutoka kabisa.

Mimi nimeliona hili wazi katika Grand Theft Auto V, gemu ambayo inajulikana kwa kuipokea SLI vizuri. Kwa kadi moja katika 4K, nikipunguza nyasi na vivuli, mwendo ulikuwa wa kuridhisha. Kwa kadi mbili, kihesabu kilipanda sana, na nikiendesha gari katika barabara iliyonyooka, picha ilikuwa nzuri ya kupendeza kwelikweli, sitaki kuidhulumu. Lakini nilipogeuza kamera kwa haraka kwenye makutano yenye taa nyingi, nguzo za barabarani zilikuwa zinachechemea, zinaruka hatua moja, zinasimama, zinaruka tena. Nilimwita jirani yangu, mtu ambaye hana habari na mambo ya fremu, nikamgeuzia kamera mara tatu bila kumwambia natafuta nini. Aliniuliza kwa nini nguzo zinatikisika.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi, na pengine baadhi yao hawalijui, ni kumbukumbu. Kila moja kati ya kadi hizi ina gigabaiti 11. Muuzaji atakwambia ukiziunganisha utakuwa na 22. Si kweli. Kwa kuwa kila kadi inachora picha nzima kwa zamu yake, kila moja lazima iwe na nakala yake kamili ya ukuta, nyuso, maji na mawingu ya gemu hiyo, kwa hiyo kilichomo ndani ya moja kimo pia ndani ya nyingine, na wewe unabaki na zile zile 11. Katika 1080 Ti hili si msiba, lakini mwenye kadi mbili za gigabaiti 4 anayedhani anakwenda 4K na gigabaiti 8 atakuta gemu inaganda kila anapoingia eneo jipya.

Kisha nikafungua Cyberpunk 2077. Kadi ya juu ilifanya kazi kwa asilimia 99, ya chini ikakaa kimya kabisa, feni yake haijazunguka. Hakuna kosa katika ufungaji wangu. Gemu hiyo haikuandikwa kutumia kadi mbili, na nyingi za miaka hii ziko hivyo. Gemu za kisasa zinasafisha kingo za vitu kwa kutazama fremu iliyopita na kuchukua habari kutoka humo. Mwenye kusuka ukili anajua kwamba hatua hii inakaa juu ya hatua iliyotangulia, na ukimpa mwenzako asuke hatua ya pili akiwa nyumba nyingine, itabidi kila mara mpelekeane kazi mlangoni. Fremu ya pili inapoihitaji ya kwanza, na ya kwanza iko katika kadi nyingine, muda wa kupelekeana unakula faida yote. Zaidi ya hapo, tangu DirectX 12, programu ya Microsoft ambayo gemu hupitia kuzungumza na kadi, kutoka mwaka 2015, kazi ya kugawa mzigo baina ya kadi iliwekwa mikononi mwa watengenezaji wa gemu wenyewe, badala ya draiva. Wachache walikubali kufanya kazi hiyo ya ziada kwa ajili ya wateja wachache wenye kadi mbili.

Kampuni zenyewe zililiona hilo. Katika familia ya kadi za Nvidia za RTX 30 ya mwaka 2020, ni RTX 3090 peke yake iliyobakishiwa mahali pa kuunganishia, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Nvidia iliacha kuongeza mipangilio mipya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 haikuwa na mahali hapo kabisa. Maana yake, mdogo wangu, ni kwamba gemu itakayotoka mwezi ujao haitapata msaada wowote wa draiva kwa kadi zako mbili.

Tuje kwenye mambo ya nyumbani kwetu. Kila 1080 Ti imepangiwa wati 250. Kadi ya pili ikifanya kazi kwa ukamilifu kwa saa nne za usiku, imekula yuniti moja nzima ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, juu ya ile uliyokuwa ukitumia, na hapo sijahesabu feni ya chumba, maana chumba kinapata joto kweli. Pawa saplai ya wati 600 inayotosha kadi moja haitoshi mbili; mimi nimetumia ya wati 1000. Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na mgongo wa kadi ya chini, na baada ya nusu saa ilifika digrii 84, ambako imepangiwa kujipunguza kasi. Na madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta unaochomekwa kadi, nyingi za bei nafuu hazina kibali cha SLI, kwa hiyo kabla ya kutazama kadi, tazama kwanza ulichonacho.

Naomba kamera isogee hapa. Hii ni ile kadi ya pili, niliyoinunua ikiwa imetumika. Mnaona haya meno ya dhahabu yanayoingia katika madabodi? Hapa pembeni, kwenye meno matatu ya mwisho, pana utandu wa kijani hafifu. Huo ni unyevu na chumvi ya bahari. Siku ya kwanza kompyuta haikuiona kadi hii kabisa; niliyasugua meno haya taratibu kwa raba ya penseli, nikayafuta kwa spiriti, nikaiacha ikauke, ndipo ikakubali. Ukinunua kadi iliyokaa kisiwani miaka kadhaa, omba kwanza uyatazame meno yake mwangani.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba usiinunue. Kama unacheza gemu za kabla ya mwaka 2018 tu, na kadi hiyo ya pili unapewa bure, hapo ningekuwa na maneno mengine. Kwa hali yako, fanya kwanza jambo lisilo na gharama: katika gemu zinazoruhusu, washa FSR ya AMD, ambayo inafanya kazi hata katika kadi yako ya Nvidia. Inachora picha kwa nukta chache kisha inaikuza mpaka 4K, na katika hali ya ubora ni vigumu kuona tofauti ukikaa umbali wa mkono mmoja na nusu. Mimi nimecheza Cyberpunk hivyo kwa kadi moja, na mwendo ulikuwa tulivu kuliko chochote nilichokipata kwa mbili. Baadaye fedha yako ya kadi ya pili, pamoja na utakayoipata ukiuza hii uliyonayo, ielekeze kwenye kadi moja mpya zaidi. RX 6800 ya AMD ina gigabaiti 16 na imepangiwa wati 250. RTX 4070 ya Nvidia ina gigabaiti 12 na inatumia wati 200, chini ya moja kati ya hizi zangu, na inaipita kwa mbali.

Ile ya pili nimeshaichomoa, na kompyuta hii ninaiwasha sasa kwa kadi moja, kwenye makutano yale yale yenye taa. Tazameni nguzo ninapogeuza kamera.