Honda C90 ya zamani: ekzosi iliyooza na studi zilizokwama, nilivyohudumiwa Kariobangi

Pikipiki ni Honda C90 ya miaka ya 1970. Niliipeleka karakana moja ya kuchomelea pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, ikiwa na shida mbili. Silensa ilikuwa imeoza upande wa chini, na studi mbili (bolti zisizo na kichwa) zinazoshika ekzosi kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda ya injini, zilikuwa zimegandishwa na kutu, moja imekatika sawa na uso wa hedi. Silensa anaweza kuichomelea fundi yeyote mwenye mkono uliotulia. Kutoa studi bila kuumiza hedi ndiyo kazi ngumu, na hapo ndipo hawa jamaa wanastahili sifa.

Anayemiliki C90 aelewe kwanza kwa nini studi hizi husumbua. Silinda yake imelala, tundu la ekzosi linatazama chini, nyuma tu ya gurudumu la mbele. Tope lote la mvua za Machi hadi Mei linarushwa pale. Studi ni chuma, hedi ni alumini, na maji yenye chumvi na uchafu yakiingia kati yao alumini huanza kuliwa. Inageuka unga mweupe unaotaka nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwepo, na unga huo ndio unaoibana studi. Tena studi yenyewe ni M6, yaani unene wa milimita 6 tu. Ukiweka spana ndefu na kuvuta kwa hasira, chuma kitakatika kabla unga haujaachia. Karakana nyingi huanza hivyo, na ndiyo maana hedi nyingi za zamani zina nyuzi zilizoharibiwa.

Hawa walianza kwa kungoja. Walisugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya, wakapaka mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, wakaacha hadi kesho yake. Kabla ya moto wowote walitoa tangi na kabureta, wakafuta mchanganyiko ule na kuuacha ukauke kabisa, kwa sababu asetoni inawaka upesi kama petroli. Betri pia ilitolewa. Ukichomelea betri ikiwa imeunganishwa unaweza kuunguza rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa kuchaji betri, na spea hiyo ya modeli ya zamani si ya kuipata kila duka.

Studi iliyokuwa bado imesimama ilikatikia mkononi mwa fundi ilipojaribiwa, ikabaki kisiki cha milimita 3 hivi. Hakushtuka, na mimi sikumlaumu, maana shingo ya studi ilikuwa imeliwa hadi nusu ya unene wake. Alikivalisha kisiki nati ya M8, kubwa makusudi ili moto ufike hadi ndani, akajaza tundu la nati kwa weldi ya MIG (ya waya unaojilisha wenyewe) huku kibanio cha ethi kikiwa kwenye hedi yenyewe, karibu kabisa na kazi, ili umeme usipite kwenye bearingi za injini. Kisha akakaa kimya akiitazama nati. Wekundu ulipotoka na kubaki kijivu, alipitisha tochi ya gesi kuzunguka hedi, si kwenye studi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha hedi, tundu ndilo linaloachia. Aligusisha mshumaa kwenye shina la kisiki, nta ikayeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi. Spana fupi, robo mzunguko kwenda, robo kurudi, nta tena. Mara ya kwanza ilitoa mlio mkavu, baadaye ikaanza kuzunguka bila sauti, ikatoka nzima ikiwa imevaa ule unga mweupe.

Ile iliyokatika sawa na hedi haikuwa na kisiki cha kushika. Hapa walifungua hedi na kuifunga kwenye drili ya meza. Kulipia gasketi mpya ya hedi kuna faida: drili ya mkono hukimbilia alumini kwa sababu ni laini kuliko studi, na tundu likipinda, flanji ya ekzosi haikai tena. Walipiga panchi katikati, wakatoboa milimita 2.5, kisha 4, wakamalizia 5, ambayo ndiyo saizi ya tundu la tepu (kifaa cha kukata nyuzi) ya M6 yenye hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi. Mabaki ya nyuzi za studi yalitolewa kwa ncha kali na tepu ikapitishwa taratibu. Nyuzi za hedi zilipona. Zingekuwa zimekufa, dawa ni helikoili ya M6, yaani koili ya waya inayokuwa nyuzi mpya, na tundu lake ni takriban milimita 6.3. Nilifurahi pia kwamba hawakugusa ile skrubu ya nyuzi za kinyume ya kung'olea studi. Ikikatikia ndani ni chuma kigumu sana ambacho drili ya kawaida haikwaruzi, na hapo umejiongezea tatizo.

Kwenye silensa, mkatalie fundi anayetaka kubandika kiraka juu ya kutu. Chuma kilichooza hakishiki weldi, kinayeyuka tu na tundu linapanuka. Hawa walikata hadi wakakuta chuma kizima, wakakunja bati la chuma laini la geji 18, yaani kama milimita 1.2, na kuchomelea kwa TIG, weldi ya gesi na ncha ya tangsteni inayofaa bati jembamba. Kromu ilisagwa kwanza kuzunguka sehemu yote ya weldi. Moshi wa kromu ni sumu ya mapafu, na weldi inayopita juu yake hujaa vitundu. Wengine hutumia kipande cha mabati ya paa. Usikubali, zinki iliyopakwa juu yake ikiungua hutoa moshi unaomletea fundi homa.

Kasoro yao ilikuwa moja: hawakuacha tundu la kutolea maji hadi nilipouliza. Silensa huoza kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa maji, na kwa safari fupi za mjini, na foleni zetu hizi, silensa haipati joto la kuyakausha. Agiza tundu la milimita 3 mahali pa chini kabisa kabla kazi haijaanza.

Spea nilinunua Kirinyaga Road, Nairobi: studi, gasketi ya shaba ya ekzosi na nati za shaba, za aina yoyote utakayopata, mradi si zile laini zinazouzwa kwa kilo, nyuzi zake huharibika ukizikaza mara mbili. Studi za stenlesi huvutia kwa kutopata kutu, lakini ndani ya alumini bado hula hedi, hivyo mimi nachagua chuma cha kawaida chenye grisi ya shaba. Wakati wa kufunga, vaa kila kitu kwa vidole kwanza, kaza nati za ekzosi pale kwenye hedi kwa zamu hadi kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha bolti ya nyuma ya silensa. Ukianza nyuma, paipu inavuta studi upande mmoja kila siku. Injini ikishapata moto na kupoa, pitia nati tena. Ukisikia milipuko midogo unapoachia mafuta, gasketi inavuta hewa.

Gharama: shilingi 3,000 kwa studi zote mbili pamoja na kufungua hedi, 2,500 kwa silensa, spea pembeni. Kwa kazi ya studi ningelipa hata zaidi. Rangi sikuwaachia. Wanapuliza juu ya mafuta ya vidole na inabanduka mara moja. Safisha chuma kwa thina (kiyeyushi cha rangi), pulizia rangi ya kustahimili joto la nyuzi 600 mikono miwili myembamba, ikauke, kisha washa injini dakika 10, iache ipoe, rudia kwa dakika 20 ndipo uitoe barabarani.