Kigari cha kukunja cha mtumba, kwa mtoto mwenye kansa

Jamani wenye watoto wanaotibiwa kansa ya damu hapa Dar, hiki kigari nilichochukua mtumba Kariakoo kimetusaidia balaa, maana mtoto akishachomwa vincristine, ile dawa ya kansa, miguu inalegea, damu nayo ikishuka ndo kabisa, analala usiku mzima anaamka bado kachoka, kutoka geti la Muhimbili mpaka wodini alikua anakaa chini njiani. Watu wanauliza "toto likubwa hivyo linasukumwa?" achaneni nao. Siti inalala vizuri, ukikikunja kwenye bajaji kinaingia. Ubaya breki ya kushoto haishiki na kwenye mchanga hakiendi. Mkipata chenye matairi makubwa chukueni icho, na siku akiwa na nguvu mwacheni atembee kidogo, nesi alituambia inapunguza uchovu.