Freedom Trail ya Boston: Uzoefu Wangu

Mgeni anayefika Boston, Marekani, kwa ajili ya historia hana haja ya basi la watalii. Freedom Trail ni njia ya takriban kilomita 4 iliyowekewa mstari mwekundu chini, penginepo wa rangi na penginepo wa matofali, unaoanzia bustani ya Boston Common na kuvuka mto hadi Charlestown. Kuifuata ni bure, ingawa baadhi ya majengo, ikiwemo nyumba ya Paul Revere, mpigania uhuru wa Marekani wa karne ya 18, hutoza kiingilio.

Nilianza na kikundi cha kulipia, lakini tulikuwa wengi mno na sauti ya mwongoza watalii ilimezwa na magari, hivyo nikaendelea peke yangu, na hapo ndipo nilipofaidi. Katika makaburi ya Granary nilisimama mbele ya jiwe la watu waliouawa na askari wa Uingereza tarehe 5 Machi 1770, miongoni mwao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Mbele kidogo ni Old South Meeting House, jengo la ibada na mikutano la mwaka 1729, ambamo wananchi walikusanyika Desemba 1773 kabla ya chai kumwagwa bandarini kupinga kodi ya Uingereza. Phillis Wheatley, aliyeletwa utumwani kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuchapisha mashairi yake mwaka 1773, alikuwa muumini humo. Faneuil Hall, ukumbi wa kale wa mikutano na soko, nilipita tu, kwa kuwa msongamano ulikuwa mkubwa.

Hata hivyo, anayeishia kwenye mstari mwekundu amepata nusu ya habari. Karibu na mwanzo wake, mtaani Beacon Hill, kuna Black Heritage Trail, njia ya historia ya watu weusi wa Boston, ambayo kwangu ndiyo bora zaidi. Inaanzia kwenye mchongo wa shaba nyeusi wa mwaka 1897 unaowaonyesha askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, waliopigania upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wakiandamana na kamanda wao Robert Shaw. Ukisogea karibu, unaona kila askari amepewa sura yake, mmoja kijana, mwingine mwenye ndevu. Njia hiyo inafika kwenye nyumba ya Lewis na Harriet Hayden, waliowaficha watumwa waliotoroka, na African Meeting House ya mwaka 1806.

Barabara za Beacon Hill zina mwinuko, kwa hiyo vaa viatu imara, na mnara wa Bunker Hill, ulioko Charlestown mwishoni mwa Freedom Trail, wenye ngazi 294 na usio na lifti kwa wageni, utengewe siku nyingine.