Huduma ya kukagua barua za kazi za Express Entry, maoni yangu baada ya kulipa mara mbili

Nawaandikia nyinyi mnaohangaika na makaratasi ya Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuomba ukaazi wa kudumu kwa ujuzi wa kazi, kama nilivyohangaika mie, maana hela nimetoa mara mbili na nataka mwengine atoe mara moja tu.

Mara ya kwanza niliingia ofisi moja hapa Mombasa, viti vizuri, bendera ya Kanada ukutani, nikalipa, baada ya siku mbili napewa barua ya kazi, ile ya mwajiri kuthibitisha kazi unayoifanya, ishachapwa tayari ati nipeleke kwa bosi atie sahihi na muhuri. Kuisoma, majukumu yote yamenakiliwa neno kwa neno kutoka NOC, ile orodha ya kazi ya serikali ya Kanada, mpaka mambo ambayo sijawahi kuyafanya. Nikaogopa wallahi. Uhamiaji wakigundua umewadanganya unafungiwa miaka 5, na anayefungiwa ni wewe mwombaji. Ile barua sikuitumia na pesa sikurudishiwa.

Ya pili ndo hii ninayoisifu. Ni dada mmoja mshauri mwenye leseni, yuko hukohuko Kanada, mnaongea kwa video. Kabla ya kumlipa nilimtafuta kwenye rejista ya College of Immigration and Citizenship Consultants, iko wazi mtandaoni, nikaliona jina lake. Fanyeni hivyo kwa yeyote anayewaambia yeye ni mshauri.

Swali lake la kwanza: "Ukifika kazini Jumatatu unaanza na nini? Na mwisho wa mwezi je?" Mie kwenye makaratasi ni karani wa hesabu, miaka 6 kampuni ya kliaringi, na karani wa hesabu kwenye NOC ni namba 14200, TEER 4 (TEER ni daraja la ujuzi na elimu ya kazi), kwa Express Entry haihesabiwi kuwa kazi ya ujuzi, wao wanataka TEER 0 mpaka 3. Lakini nikamweleza leja naandika mie, kulinganisha vitabu na stetimenti ya benki mie, urari mie, mishahara, VAT ya kila mwezi kwenye iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, makato ya NSSF ya pensheni, yote mie. Akaniambia, "Dada, hiyo ni 12200, mtunza vitabu, TEER 2." Nilinyamaza kidogo pale. Miaka yote hiyo najiita karani.

Alafu akanifunza barua yenyewe. Nilikuwa na cheti cha utumishi cha kampuni ya zamani nikadhani nimemaliza, kumbe Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri aandike jina na anwani yake, jina lako, ulianza lini, ukaacha lini, kazi gani na wapi, karibu ni hayo tu. Kanada wanataka na majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na jina, cheo na sahihi ya msimamizi wako. Hizo saa msizisahau, maana ule mwaka 1 wa uzoefu wa kazi wanaoutaka unapimwa kwa saa 30 kwa wiki, jumla 1,560.

Mzee wetu kazini alikataa kusaini, kuona mshahara umeandikwa akadhani nataka kumpeleka kortini. Yule dada akaniandikia ukurasa mmoja wa heshima wa kumweleza mzee kila mstari ni wa nini, nikampelekea asubuhi, Alhamisi akaniita, "Njoo uchukue, mwanangu." Na ile kampuni ya zamani ilishafungwa, hapo tukakusanya P9 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), stetimenti ya NSSF, peislipu, na hati ya kiapo ya aliyekuwa msimamizi wangu, pamoja na barua ya kueleza kwa nini barua ya kampuni haipo.

Kasoro zipo. Shilingi 25,000 ni ya kukagua tu, fomu unajaza mwenyewe. Yeye akiamka huku ni jioni, na ukishapata mwaliko wa Kanada wa kutuma maombi una siku 60 za kupeleka kila kitu, mie jibu moja nilingoja siku 5 na usingizi sikupata. Kwa hiyo mtafuteni mapema, barua ziwe mkononi kabla hata ya kuingia kwenye foleni, maana bosi akisafiri ndani ya zile siku 60 hakuna wa kukusainia.