Uzoefu wangu: upanga wa walinzi wa mfalme wa Ufaransa, nilionunua mnadani Paris

Naishi Lyon, na ugonjwa wangu anaujua kila aliyewahi kuingia sebuleni kwangu: vifaa vya walinzi wa wafalme wa Ufaransa. Vya kabla ya mapinduzi ya 1789 siviwezi, bei zake kali mno. Navizia vya 1814 hadi 1830, ukoo wa Bourbon uliporudi kwenye kiti na kukifufua kikosi cha Gardes du Corps.

Mwezi Machi nikapata upanga wao, mimi niko jikoni na simu mkononi, mnada uko Paris. Dalali aligonga nyundo kwenye euro 1,400. Jina la wenye mnada nalihifadhi, hesabu yao siihifadhi: ada ya mnunuzi asilimia 28, ada ya mtandao asilimia 3, na msafirishaji jitafutie. Mzigo ulipofika mlangoni nilikuwa nimetoa euro 1,909.

Upanga wenyewe sina neno nao. Bapa limepinda kidogo tu, na ukilielekeza dirishani maandishi "Gardes du Corps du Roi" yanasomeka bila miwani. Mgongoni, kwa herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi, pameandikwa kiwanda cha kifalme cha Klingenthal, kule Alsace, na mwaka 1814. Maana yake huenda ulikuwepo Machi 1815, usiku mfalme Louis XVIII alipomkimbia Napoleon na walinzi wakamsindikiza kuelekea mpaka wa Ubelgiji. Ulikuwa wa kampuni ipi ya walinzi hao sijajua. Rafiki zangu wanasema ni ile ya Marmont, jemadari aliyemgeuka Napoleon, ambayo watu wa Paris waliibandika jina "kampuni ya Yuda". Wananionea wivu hao.

Sasa kasoro. Kwenye kikinga mkono, palipokuwa na ngao ya maua matatu ya yungiyungi, nembo ya wafalme wa Bourbon, mtu amepitisha tupa. Orodha ya mnada ilisema "umechakaa kwa matumizi". Matumizi gani hayo ya kusugua mahali pamoja tu? Baada ya mfalme Charles X kupinduliwa mwaka 1830 maua hayo yalifutwa kwenye vitu vingi, na mimi mikwaruzo hiyo naipenda, ni historia. Lakini mnunuzi aambiwe.

Ala ndiyo iliyoniudhi. Ni ya ngozi, ya zamani kweli, ila si ya upanga huu. Ukiuchomeka unagoma vidole viwili kabla ya kufika, na ukiutikisa unacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Kwenye picha zao vilikuwa vimelazwa sambamba, upanga huku, ala kule. Nikaandika, wiki mbili kimya, kisha jibu la mstari mmoja: picha ziliwekwa wazi. Nikawakumbusha kwamba sheria ya Ufaransa inampa mnunuzi miaka 5 ya kudai tangu siku ya mnada. Kesho yake wakanirudishia euro 200 na samahani ndefu.

Nyota 5 kwa upanga, 2 kwa mnada. Ukitaka kununua kwao, waombe kwanza picha ya upanga ukiwa ndani ya ala, na nyingine ya mgongo wa bapa kwa karibu. Wakisita, achana nao.

Wangu nimeutundika peke yake ukutani. Ala iko kabatini, inamsubiri mwenzake.