Spika za nyumbani kwa laki mbili hadi laki tano: ningenunua zipi Arusha na Moshi

Ukishuka Barabara ya Sokoine jijini Arusha siku ya Jumamosi, au ukizunguka mitaa ya karibu na stendi ya Moshi mjini, huna haja ya kuuliza duka la redio liko wapi. Sabufa zimepangwa barazani, taa zinawaka nyekundu na bluu, na kila duka limefungulia ngoma ya kumzima jirani. Mwenye laki tatu mfukoni akiingia pale, anatoka na ile iliyompigia kelele zaidi. Mimi nimetoka hivyo mara mbili, na zote mbili niliishia kuzigawa kwa ndugu.

Ninayemwandikia hapa ana sebule ya kawaida, tuseme futi kumi na mbili kwa kumi na nne, bati juu, makochi na kabati la TV. Anataka kusikiliza kwaya, bongofleva, mpira na taarifa ya habari, na mgeni akija waweze kuongea bila kupiga kelele. Bajeti ni laki mbili hadi laki tano. Bei hasa nakuachia wewe na muuzaji, maana inategemea duka na ulimi wako.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, tumalizane na namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Boksi la sabufa litakuambia P.M.P.O, yaani eti nguvu ya juu kabisa ya muziki, wati 12,000. Sasa angalia plagi ya pini tatu: inabeba ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata wati 2,990. Ukizidisha sana hapo, fyuzi ya plagi inakata. Wati 12,000 ni pasi kumi na mbili za wati elfu moja zikiwaka pamoja, na kwa saa moja zingekula uniti 12 za LUKU. Umewahi kuona sabufa inayomaliza uniti namna hiyo? Basi namba ile ni pambo, kama zile taa.

Namba ya kutafuta ni RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo bila kuchoka. Ikiwa haijaandikwa, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inavuta umeme kiasi gani. Inayovuta wati 50 ukutani haiwezi kukutolea wati 500 za muziki, hata iombewe. Wala usiogope namba ndogo. Wati 20 za kweli kila upande zinaijaza sebule niliyoitaja hadi jirani abishe hodi. Tena ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu zaidi. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara kumi.

Ningeanza na spika mbili zenye amplifaya ndani

Hizi ni boksi mbili ndogo za mbao, za kukaa juu ya kabati au stuli, moja ina amplifaya ndani na nyingine inaunganishwa kwayo kwa waya. Ninayoijua vizuri katika kundi hili ni Edifier R1280DB: wati 42 RMS kwa jumla, 21 kila upande, wufa (spika ya besi) ya inchi 4 na twita (spika ya sauti nyembamba) ndogo juu yake, vitufe vya besi na trebo ubavuni, Bluetooth, na tundu la kuunganisha TV kwa waya wa mwanga (optical). Ndugu yake R1280T ina wati hizo hizo ila haina Bluetooth wala tundu la waya wa mwanga. Kama simu yako au TV yako ina tundu la earphone, chukua hiyo ubaki na chenji.

Kwa nini nazipa nafasi ya kwanza? Sisi wa huku tuna kipimo kizuri ambacho wengine hawana: bendi ya tarumbeta ya usharika. Weka rekodi ya tarumbeta kwenye sabufa ya bei rahisi. Tuba inageuka mbuu moja nzito isiyopanda wala kushuka, tarumbeta za juu zinalia kama sufuria, na katikati, pale zinapokaa tromboni na sauti za watu, hakuna kitu. Weka rekodi hiyo hiyo kwenye spika mbili nzuri, unasikia kila tuba inabadilisha noti, na mpigaji mmoja upande wa kulia akivuta pumzi. Sababu si uchawi. Sabufa nyingi zina spika moja kubwa ya besi na vispika vidogo vya plastiki, na kati ya hizo mbili hakuna anayebeba sauti ya binadamu.

Ubaya wake upo. Hazitikisi madirisha, na ukifanya kipaimara cha mtoto uani na hema la watu mia, zitakuaibisha. Pia huenda usizikute kila duka huku kwetu. Mara nyingi utaagiza Dar, zije kwa basi. Ukiagiza, zifungue na kuzijaribu siku hiyo hiyo ulipozipokea.

Mtumba, kwa mwenye subira

Kwa pesa ile ile, hakuna kinachoishinda spika ya mtumba iliyo nzima. Moshi watu wanayafahamu masoko ya Memorial na Kiboriloni. Arusha yapo maduka ya vitu vilivyotumika kutoka Ulaya, televisheni upande huu, redio na spika upande ule. Boksi la mbao nzito, wufa ya inchi 6 au 8, jina la Sony au Kenwood au JVC, na bei ambayo ukiwa mpole inashuka.

Usinunue kwa jina lakini. Toa kitambaa cha mbele. Pembeni ya koni, ile sehemu ya katikati inayotikisika, kuna duara laini: ikiwa ni sponji, ibonyeze kidogo kwa ncha ya kidole. Sponji huoza kwa miaka hata bila kutumika, na iliyooza inabaki kidoleni kama keki ya jana. Raba hudumu zaidi. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na kwa usawa. Ikirudi kimya, sawa. Ikikwaruza, koili imeungua au imekaa upande, achana nayo. Mwisho, betri ya redio ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya: gusisha nyuma ya spika kwa sekunde moja, usikie "tup". Kama una mita ya fundi, spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7. Ikigoma kusoma, imekufa.

Utahitaji amplifaya, na hapo ndipo niliposomeshwa. Niliwahi kununua amplifaya ya Kijapani, nzito kama tofali, mbele ina vioo viwili vyenye sindano zinazocheza na muziki. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hii ni mali, hawatengenezi tena." Nikafika nyumbani Sakina, nikachomeka. Sindano zilipanda mara moja tu. Kabla sijahesabu hadi kumi nikanusa nyaya, halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya juu, mke wangu akauliza kama nimeunguza ugali. Fundi alipoifungua, kapasita zilikuwa zimevimba vichwa na transfoma imekuwa nyeusi. Akageuza mashine, akaweka kidole kwenye kibandiko: AC 100V. Umeme wa Japani ni volti 100. Mimi nimeipa 230.

Kwa hiyo kibandiko kwanza, sindano baadaye. Cha kutoka Uingereza kitakuja na plagi ya pini tatu kama ya kwetu na kimeandikwa 230V au 240V, hicho hakina neno. Cha Ulaya bara kina pini mbili za mviringo lakini umeme ni ule ule, badilisha plagi. Cha Japani au Marekani, volti 100 au 120, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na ukijumlisha bei yake mara nyingi ule unafuu umeshayeyuka.

Sabufa naiweka ya tatu, na si kwa dharau. Fundi wake yuko kila mtaa kuanzia Ngarenaro hadi Majengo, ina redio, ina tundu la flashi, watoto wanaijua. Ukiamua ni sabufa, chagua yenye vispika vya pembeni vikubwa kuliko kiganja na boksi la mbao. Ya plastiki tupu inanguruma yenyewe ukishapandisha sauti.

Saundiba, ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV, ni ya nne kwa muziki, lakini ikiwa nyumbani kwenu kinachowashwa ni TV tu, ipandishe iwe ya pili. TV za kisasa ni nyembamba mno, spika zake mara nyingi zinaangalia chini au ukutani, na mtangazaji wa mpira anasikika kama yuko ndani ya debe. Kabla ya kulipa, angalia nyuma ya TV yako na ya saundiba kama zote zina tundu la HDMI lenye herufi ARC. Likiwepo, waya mmoja unatosha, na rimoti ya TV inaongoza sauti.

Lile spika la kuburuta lenye magurudumu na maiki mbili ni la vikoba, mkutano wa hadhara na harusi. Sebuleni ni adhabu.

Ukiwa dukani

Nenda na flashi yako. Yangu ina vitu vinne: kwaya, tarumbeta, bongofleva moja yenye besi ya kweli, na dakika mbili za mtu anasoma habari. Anza na habari. Kama msomaji anasikika kama ana mafua, usiendelee. Mwambie muuzaji azime ile besi ya ziada na arudishe vitufe katikati. Atakulalamikia, "Kaka, hapo umeua muziki!" Mwache alalamike. Halafu pandisha sauti hadi robo tatu na usikilize kama inapasuka.

JBL mpya kwa bei ya mtumba ni feki, hata kibandiko king'ae vipi. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa sababu waranti ya mdomo huisha ukivuka barabara.

Nyumbani, spika mbili ziachane kama mita mbili, twita zifikie usawa wa masikio ya aliyekaa kwenye kochi. Ukizisukumia kwenye kona, besi inavimba. Zivute kiganja kimoja au viwili kutoka ukutani. Pazia zito na makochi yanameza mwangwi, sakafu tupu ya vigae inaurudisha. Umeme ukikatika, chomoa, au tumia kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji, maana unaporudi huwa haurudi kwa adabu.

Jambo moja dogo la nyaya. Shemeji yangu wa Pasua alinunua spika nzuri kabisa za mtumba, akanipigia simu analalamika kwamba ameibiwa, hazina besi. Nilipofika nilikuta spika ya kushoto imeungwa nyekundu kwa nyekundu, ya kulia nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Koni moja ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, besi zinafutana zenyewe hewani. Nikachomoa nyaya mbili, nikazigeuza, nikawasha. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amefungua spika nyingine.