Ubao mmoja wa kafi na tanga: uzoefu wangu hapa Kilifi

Nilitaka ubao mmoja tu. Nyumba yetu haina stoo, na mke wangu alikwisha kuniambia kwamba chochote kirefu kuliko kochi hakilali ndani. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta ubao wa kusimama na kupiga kafi, hizi SUP zilizojaa siku hizi kutoka Diani hadi Watamu, sharti langu lilikuwa uwe unafungika tanga vilevile. Hapa Kilifi asubuhi maji ya hori, pale chini ya daraja, huwa yametulia na kafi inatosha. Ikikaribia saa sita upepo umeamka, na aliye na kafi peke yake hana budi kurudi nyumbani. Mimi nilitaka saa hiyo ndiyo nianze awamu ya pili.

Nilichonunua hatimaye ni ubao wa kujaza upepo, urefu futi 10 na inchi 8, upana inchi 33, unene inchi 6, ujazo karibu lita 300. Mimi nina kilo 78. Nimeutumia kaskazi nzima, na sasa kusi imekolea. Chapa yake siitaji, maana vipimo ndivyo vinavyoamua mambo na karibu kila kampuni kubwa ina wake wa kufanana nao. Starboard, Fanatic na JP-Australia walianzia kwenye mbao za tanga kabla SUP hazijavuma, kwa hivyo si ajabu kwamba wote wamewahi kutoa mbao za kazi mbili. Red Paddle Co, ambao wao ni watu wa SUP za kujaza upepo, nao wamewahi kutoa moja ya futi 10 na inchi 7 yenye tundu la mlingoti.

Hilo tundu la mlingoti ndilo wauzaji wanalolitangaza kwa herufi kubwa, na ndilo jambo dogo kuliko yote. Ni nati tu iliyopandikizwa juu ya ubao, kwa kawaida ya kipimo cha M8, unafunga mguu wa mlingoti hapo basi. Kuiweka kiwandani hakugharimu mengi, ndiyo maana mbao nyingi za bei nafuu zinayo. Swali la kumuuliza muuzaji ni la chini ya ubao: pezi la kati, yaani kile kibapa kinachoshika maji kama pezi la samaki, lipo?

Nilijifunza hilo kwa ubao wa kukodi kabla sijatoa pesa yangu. Ulikuwa na tundu juu na pezi moja nyuma, kama SUP yoyote. Tulifunga tanga dogo, nikaondoka upande wa Mnarani nikiwa na nia ya kwenda na kurudi sambamba na ufuo. Kwenda nilikwenda, lakini upande-upande kama kaa. Kila nilipovuta tanga, ubao ulisogea mbele kidogo na ukasukumwa kando zaidi, mpaka kusi ikanitupa ng'ambo ya mjini. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alinitazama nikiburuta vitu vyangu mchangani, akauliza, "Mwanangu, chombo chako kina mkuku?" Nikamjibu, "Hakina, babu." Akasema, "Basi joshi utakwendaje?" Akarudi kwenye nyavu zake.

Alikuwa amemaliza somo lote kwa maneno machache: bila mkuku, ule uti wa chini unaoshika maji, huwezi kwenda joshi, yaani kuukabili upepo. Tanga likipata upepo wa ubavuni halikusukumi mbele tu, hukusukuma na kando pia. Ngalawa inastahimili kwa sababu gogo lake ni jembamba na limezama, linashika maji kwa urefu wake wote. Ubao wa kafi ni bapa, unaelea juujuu, na pezi lake la pekee liko tezi, yaani nyuma kabisa. Matokeo yake ni kwamba tezi inashikwa na maji, omo, yaani mbele ya ubao, linapeperushwa, na unajikuta unakimbia na upepo hata usipotaka. Pezi la pili likiwekwa katikati, nyuma kidogo ya mlingoti, ubao unapata pa kuegemea. Hapo ndipo usukani wa tanga unapoanza kufanya kazi: ulaze mlingoti mbele, omo linaukimbia upepo, ulaze nyuma, omo linauelekea upepo. Hakuna usukani mwingine. Kwa ubao usio na pezi la kati unaweza kuulaza mlingoti utakavyo na usione tofauti kubwa.

Mbao ngumu za kujifunzia huwa na pezi refu la kati linalopanda na kushuka ndani ya ala yake, unalikanyaga kwa mguu likazama au likarudi. Hiyo ndiyo njia bora. Mbao za kujaza upepo haziwezi kuwa na ala ya namna hiyo kirahisi, kwa hiyo hubandikwa kisanduku cha pili tumboni na unachomeka pezi la inchi 8 au 9. Ubao wangu uko hivyo. Kuna pia mikanda ya kuzungushia ubao wowote, yenye pezi kwa chini. Nimemwona mtu akitumia Bofa. Inasaidia, ila mkanda unakokota maji na yeye mwenyewe alikuwa akiukaza kila baada ya muda. Kama tayari una SUP ya kawaida, jaribu hiyo kabla ya kununua ubao mpya. Kama bado hujanunua kitu, usianzie huko.

Angalia pia aina ya kisanduku. Changu kinapokea mapezi ya mfumo wa kawaida unaoitwa US Box, maana yake pezi likivunjika mwambani naweza kununua la kampuni yoyote. Kuna mbao zenye kisanduku cha kampuni yenyewe tu. Ukipoteza pezi hapo, umepoteza na tanga mpaka mzigo ufike kutoka ng'ambo.

Mgumu au wa kujaza upepo? Kwa tanga, mgumu unashinda, wala sitabisha na yeyote. Mlingoti unakandamiza sehemu moja ndogo ya ubao, na ubao uliojaa upepo hupinda hapo. Kwenye maji ya hori huoni kitu. Ukitoka nje ambako kuna viwimbi vifupi, unauhisi ukikunjuka na kujikunja chini ya miguu, na nguvu ya upepo inapotea humo badala ya kukupeleka mbele. Nilichukua wa kujaza kwa sababu ya tuk-tuk. Mkoba wenye ubao, pampu na kafi unaingia kiti cha nyuma na mimi nakaa pembeni yake. Ubao mgumu wa futi 10 ungehitaji gari lenye keria. Tena fukwe zetu zina mawe. Wa kujaza upepo ukigonga jiwe unaruka, wakati mgumu unapasuka ganda la nje, maji yanaingia ndani, na fundi wa faiba anakuwa rafiki yako.

Kama utachukua wa kujaza, mambo mawili yanapunguza kupinda. La kwanza ni unene: inchi 6 na si chini ya hapo. La pili ni kujaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye vali, ambacho kwangu ni psi 15. Watu wengi huishia 10 kwa sababu hapo pampu ya mkono huwa imeshakuwa nzito na ubao unaonekana umekaza. Kwa kafi unaweza kusamehewa. Kwa tanga, ukiwa na psi 10 mlingoti unasimama kwenye shimo ulilojichimbia. Hizo psi za mwisho ndizo zinazotoa jasho, na kusema kweli ndizo zilizonifanya baadhi ya siku nibaki na kahawa yangu. Ukimaliza usiuache juani umejaa. Hewa ikipata moto hutanuka na gundi ya maungio ndiyo inayoumia, kwa hivyo nikipumzika nauvuta kivulini, au nafungua vali kidogo.

Upana nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Kwenye SUP ya safari ya inchi 29 au 30 unakwenda kwa kasi, lakini jaribu kusimama katikati yake huku ukivuta kamba ya kuinulia tanga lililojaa maji. Utaanguka mara nyingi kabla hujaonja upepo. Inchi 33 zinanipa pa kupangia miguu upya, na mwanangu anakaa mbele bila ubao kuyumba. Gharama yake unailipa kwa kafi: ubao ni mzito wa mwendo, na mwenzio mwenye ubao mwembamba atakungoja kila mahali. Kwangu si neno, maana asubuhi sishindani na mtu.

Kwa kafi peke yake huwa natoa pezi la kati. Ubao unageuka vizuri zaidi, na maji yakipwa kule ndani karibu na mikoko kuna sehemu ambazo hata pezi la nyuma linaparura mchanga. Likiwepo, ubao unanyooka, jambo ambalo lina faida siku ya upepo wa ubavuni. Dosari moja ndogo ni kile kizibo cha tundu la mlingoti: kiko mbele kidogo tu ya mpini wa kubebea, yaani pale pale vidole vya miguu vinapofika ukisimama kupiga kafi. Nimekipiga teke mara kadhaa. Kilichobakia upande wa kafi ni cha kawaida, mpira wa kukanyagia hautelezi, rangi imeanza kufifia.

Sasa pesa. Bei ya ubao si bei ya mchezo. Unahitaji mlingoti, kirefusho chake cha chini, bumu ya kushikia, tanga, na kile kiungo cha mpira kinachoruhusu mlingoti kulala kila upande. Vyote vikiwa vipya vinaweza kukaribia bei ya ubao wenyewe au kuipita. Mimi nilinunua seti iliyotumika kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, isipokuwa kiungo, ambacho nilikiagiza kipya. Ukinunua vilivyotumika, hakikisha mambo mawili kabla ya kutoa hela: bolti ya mguu iwe M8 kama nati ya ubao wako, na kirefusho kishikane na mguu huo, kwa sababu kuna mfumo wa pini na kuna mfumo wa kikombe, na viwili hivyo haviingiliani. Milingoti ya zamani ni mizito, na uzito wa juu ndio unaokuchosha unapoinua tanga majini.

Tanga langu ni la mita za mraba 4.5. Kaskazi lilinitosha siku nyingi, na wakati wa maleleji, upepo ukiwa dhaifu kati ya misimu, nilitamani la 5.5. Mtu wa kilo 60 anayeanza angetafuta 4 au hata 3.5. Usidanganyike kwamba tanga kubwa litakufundisha haraka, litakufundisha kuogelea.

Kusi ndiyo imenionyesha mwisho wa ubao huu. Hadi upepo wa wastani unakwenda joshi vizuri kabisa, napiga bisho, yaani nakwenda pembe-pembe kuupinga upepo, na kurudi nilipoanzia bila kuburuta kitu ufuoni, na hicho ndicho nilichokitaka. Upepo ukizidi hapo, ubao mgumu wa tanga ungeinuka na kuteleza juu ya maji. Huu wangu unabaki kusukuma maji, unapinda, na mikono inachoka bila kasi kuongezeka. Kwa hiyo anayeota kuruka na mawimbi atafute ubao wa tanga hasa na ajifunze kupiga kafi kwa ubao wa rafiki. Anayetaka asubuhi ya kafi, mchana wa upepo wa kiasi, na watoto wapande Jumapili, kazi hii ubao wa namna hii unaiweza.

Jambo la usalama linalobadilika ukibadilisha kazi ya ubao ni kamba ya mguuni. Kwa kafi naivaa kila mara, kwani ukianguka upepo unauchukua ubao haraka kuliko uwezavyo kuogelea. Kwa tanga naitoa mguuni, maana inajisokota kwenye mguu wa mlingoti, na tanga likilala majini linaufanya ubao utulie hapo hapo ukiufuata. Ila hilo ni kweli tanga na ubao vikiwa bado vimeshikana. Basi kaza ile bolti, kisha uvute mlingoti kwa nguvu ukiwa bado mchangani. Jaketi la kuelea navaa kote kuwili. Na alfajiri, umande ukivuma kutoka nchi kavu, sitoki nje ya mdomo wa hori hata bahari iwe shwari namna gani, kwa sababu upepo huo unakupeleka mwambani na kurudi ni kwa mikono.

Kile kiungo cha mpira kikunje kila mara kabla ya kutoka na utazame kama kimeanza nyufa, hasa kikiwa kimekaa juani. Sijapata duka la karibu linalokiuza. Niliagiza viwili kwa pamoja, na cha akiba kinakaa kwenye mfuko wa pampu pamoja na pezi moja, bolti mbili na bisibisi.